Wimbo Huu ni Mali ya Nani?

Somo la historia kwa madarasa ya elimu ya watu wazima. Maneno haya yamepigwa chapa kama yalivyosomwa redioni.

Ndugu wanafunzi wa Izigo, na wenzenu wa Muhutwe na Kamachumu, fungueni madaftari yenu. Ambaye hakulisikia somo katika redio aweza kulisoma hapa polepole, na neno gumu likimkwaza amwulize jirani yake kabla ya kumwuliza mwalimu.

Leo twasoma habari ya nyimbo na fedha. Najua wapo watakaocheka. Watasema, "Wimbo una fedha gani? Wimbo ni wa kuimba harusini, watu wakacheza, kukakucha, basi." Subiri kidogo, msomaji. Nitakuonyesha wimbo uliozaa mamilioni ya fedha, na mtunzi wake akafa maskini.

Lakini nianze na kahawa, maana kahawa mwaijua kuliko mimi. Mwaka 1950 wakulima wa Buhaya waliunda chama chao kikuu cha ushirika, kikaitwa kwa kifupi BNCU. Mkulima alipeleka kahawa yake chamani, ikapimwa kwenye mizani, karani akaandika uzito na jina, na mkulima akapewa stakabadhi. Alipata malipo ya kwanza. Baadaye, kahawa ikiisha kuuzwa mbali, na bei ikiwa nzuri, yalikuja malipo ya pili. Sasa fikiri. Wewe na ndugu yako mmechuma kahawa pamoja, mkaianika pamoja, lakini aliyekwenda chamani ni ndugu yako peke yake, na jina lililoandikwa ni lake. Malipo ya pili yakija, karani atamwita nani? Hatauliza nani alipanda ngazi, wala nani alifukuza kuku uwanjani. Ataita jina lililo kitabuni.

Wimbo nao una malipo ya pili, hata ya tatu, hata ya mia. Kila wimbo unapouzwa, au kupigwa redioni, au kuimbwa na mtu mwingine kwa faida, sehemu ya fedha hutakiwa kumrudia mtunzi. Fedha hizo zaitwa mrabaha. Zikiwa nyingi ni mirabaha. Na ile haki ya mtunzi juu ya kazi yake yaitwa hakimiliki. (Mwalimu aandike ubaoni: MRABAHA. HAKIMILIKI. Kila mmoja anakili mara tatu.)

Wazee wetu hawakuwa na maneno hayo, wala hawakuyahitaji. Mpiga enanga aliyeimba mbele ya Omukama, katika Kianja, au Ihangiro, au Kiziba, alilipwa pale pale. Alipewa chakula na pombe, na akibahatika alipewa ng'ombe au kitu kikubwa zaidi. Aliyesikia alimwona aliyeimba. Wimbo haukuweza kutoka kinywani mwa mtu ukasafiri peke yake. Mwenziwe akiuimba kijiji cha pili, na huyo alilipwa kwa jasho lake mwenyewe, na hakuna aliyeona ameibiwa. Tena nyimbo nyingi zilikuwa za wote. Huyu aliongeza ubeti, yule akabadili mwitikio, na baada ya miaka hamsini hakuna aliyejua nani alianza.

Mambo yalibadilika ilipokuja sahani ya santuri. Mashine ile iliikamata sauti, ikaifungia ndani ya sahani, na sahani ikauzwa dukani kama sukari. Sasa mtu aweza kuimba mara moja tu, asubuhi moja, na watu wasiomjua wakamsikiliza miaka themanini. Mwimbaji yuko kijijini kwake, wimbo uko Ulaya, na fedha ziko mikononi mwa mtu wa tatu.

Kudai fedha hizo hakukuanza na santuri, lakini. Kulianza na vinywaji. Mwaka 1847, katika mji wa Paris, Ufaransa, watunzi walikuwa wameketi katika mkahawa mmoja uitwao Les Ambassadeurs. Majina yao ni Ernest Bourget, Paul Henrion na Victor Parizot. Wakasikia wapigaji wa mkahawa ule wanapiga muziki wao. Walipoletewa hesabu ya vinywaji walikataa kulipa. Walisema: ninyi mwautumia muziki wetu bure, na sisi twavitumia viti na vinywaji vyenu bure. Kesi ikaenda mahakamani, watunzi wakashinda. Mwaka 1851 kikaundwa chama cha watunzi, kiitwacho SACEM, cha kukusanya fedha kwa niaba yao. Chama hicho kingali hai. Mimi hukipenda kisa hiki kwa sababu hakikuanzishwa na mawaziri wala maprofesa. Kilianzishwa na wateja wagumu wa kulipa.

Mwaka 1886 mataifa kadhaa yalipatana mjini Bern, Uswisi, kulinda kazi za watunzi wa nchi zao. Mwaka 1911 Uingereza ikatunga sheria ya hakimiliki iliyoenea pia katika himaya yake. Ikumbuke sheria hiyo ya 1911. Tutakutana nayo tena Afrika Kusini, maana ndiko kisa cha leo kinakokwenda.

Huko aliishi mtu wa kabila la Wazulu, jina lake Solomon Linda. Alitoka shamba akaenda kutafuta kazi Johannesburg, kama vijana wetu wanavyokwenda Mwanza na Dar es Salaam. Siku za mapumziko aliimba na wenzake katika kikundi kilichoitwa Original Evening Birds. Mwaka 1939 waliingia katika studio ya kampuni ya Gallo wakaimba wimbo uitwao Mbube, yaani Simba. Wenzake walirudia neno moja kwa sauti nzito, na Linda akapanda juu kwa sauti nyembamba, akitunga papo hapo. Sahani ile ilinunuliwa sana Afrika Kusini.

Linda alilipwa nini? Habari inayosimuliwa na wengi ni kwamba haki za wimbo ule ziliiendea kampuni kwa shilingi kumi. Shilingi kumi! Huenda siku ile zilionekana fedha nzuri kwa kazi ya dakika chache. Hapo ndipo penye mtego wote. Siku wimbo unapozaliwa hauna bei, na mtu huachia kwa urahisi kitu asichokijua bei yake.

Sahani ikavuka bahari. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mwimbaji wa Marekani Pete Seeger aliisikia, akalisikia vibaya lile neno la Kizulu, na kikundi chake, The Weavers, kikauimba wimbo kwa jina la Wimoweh. Mwaka 1961 kikundi kingine, The Tokens, kikauimba kwa maneno mapya ya Kiingereza: The Lion Sleeps Tonight. Jina la Linda halikuwapo kati ya watunzi. Walikuwapo Wamarekani walioandika maneno yale mapya. Linda akafa mwaka 1962, akiacha mjane na watoto katika umaskini. Mwaka 1994 wimbo ukatiwa katika sinema ya Disney, The Lion King, nao ukaenea tena kwa watoto wa dunia nzima.

Mwaka 2000 mwandishi wa Afrika Kusini, Rian Malan, alichunguza habari hii akaitoa gazetini. Alikadiria kwamba wimbo ule ulikuwa umezalisha dola kama milioni 15. Mawakili wakaamka. Na hapa ndipo inapoingia sheria ile ya 1911. Ilikuwa na kifungu kilichosema kwamba, hata mtunzi akiziuza haki zake, miaka 25 baada ya kufa kwake haki hurudi kwa warithi. Watu wa Marekani walikuwa wameisahau sheria hiyo ya Kiingereza ya zamani. Mwaka 2004 kesi ikafunguliwa, na Februari 2006 wakapatana nje ya mahakama: Linda akubaliwe kuwa mtunzi pamoja na wale wengine, na warithi wake walipwe fungu la mapato yaliyopita na yajayo.

Msomaji, angalia jambo ambalo wengi hulipita. Watu husema haki ilishinda, wakafunga kitabu. Lakini wale wenzake Linda walioshika mwitikio mzito, ambao bila wao wimbo haungekuwa wimbo, majina yao hayakuwamo katika mapatano yale. Je, walikuwa watunzi, au wasaidizi tu? Leo hatuwezi kuwauliza. Swali hilo lilikuwa na siku moja tu ya kujibiwa vizuri, nayo ni siku ile ya 1939 walipokuwa wote wamesimama chumba kimoja.

Afrika Kusini ni mbali. Turudi Afrika Mashariki, tuutazame wimbo ambao kila mmoja wenu aujua: Malaika.

Aliyeutangaza Malaika kwa santuri ni Fadhili William, Mkenya, aliyeurekodi Nairobi na wenzake walioitwa Jambo Boys. Naye siku zote alisema ni wimbo wake. Lakini Mkenya mwingine, Grant Charo, naye alidai kuutunga. Tena akatokea Adam Salim, aliyesema kwamba aliutunga Nairobi mwaka 1945, kwa ajili ya msichana aliyempenda asimwoe. Watu watatu, wimbo mmoja. Wakati huo huo Miriam Makeba wa Afrika Kusini akauimba ng'ambo, na mwaka 1965 ukatoka katika sahani yake aliyoimba na Harry Belafonte. Mwaka 1981 Boney M wa Ujerumani wakauimba. Umeimbwa katika mahoteli ya pwani na katika maharusi yasiyohesabika. Fadhili William alifariki Nairobi mwaka 2001, na ubishi haukufa naye.

Ni nani mtunzi wa kweli? Somo hili halitatoa hukumu. Kila upande una watu wake wanaoapa. Ninalotaka uone ni hili: inawezekana kabisa kwamba wawili kati yao, au wote watatu, wana sehemu ya kweli. Mmoja aweza kuwa alileta hadithi na maneno ya kwanza. Mwingine akayanyosha. Wa tatu akatia gitaa na kuuimba hata ukapendeza sikio. Hivyo ndivyo nyimbo zilivyotungwa katika mabweni ya wafanyakazi na baa za Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam: jioni, watu wanne wameketi na gitaa moja. Lakini lebo ya sahani ni ndogo, ina nafasi ya jina moja au mawili. Kwa hiyo jambo lililokuwa la watu wengi likageuka kuwa ugomvi wa nani ni nani. Laiti ingalikuwapo karatasi moja, hata ya kufungia chumvi, yenye majina na mafungu, huenda kila mmoja angalipata chake na pasingekuwa na mwongo wala mkweli.

Kwetu Tanzania ugonjwa ulikuwa wa namna nyingine. Baada ya Uhuru bendi nyingi zilikuwa mali ya mashirika. NUTA, chama cha wafanyakazi, kiliunda bendi yake ya Nuta Jazz mwaka 1964, na baadaye mashirika mengine yakafanya vivyo hivyo. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa. Magitaa si yake, mavazi si yake, na mwisho wa mwezi alipata mshahara. Nyimbo zilirekodiwa Radio Tanzania, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa karibu studio pekee nchini, zikahifadhiwa huko, zikapigwa asubuhi na jioni. Mfumo huo ulikuwa na wema wake, na sipendi wanaoubeza. Ulimpa mwanamuziki kazi ya heshima, akaacha kuhesabiwa mhuni. Wimbo ulijulikana kwa jina la bendi. Mtunzi alipohamia bendi nyingine, kama walivyofanya wengi, aliondoka na sauti yake tu.

Mfano ni marehemu mzee Muhidini Maalim Gurumo. Aliimba Nuta Jazz, akaja akawa nguzo ya Mlimani Park iliyoanza mwaka 1978, akaimba zaidi ya miaka hamsini. Nchi nzima ilimjua. Alipostaafu mwaka 2013 alisema wazi kwamba hakupata kumiliki gari. Kijana wa muziki wa siku hizi, Diamond Platnumz, akampa gari kwa heshima. Watu wakapiga makofi, na mimi naona kijana yule alitenda vyema. Lakini zawadi si mrabaha. Zawadi hutoka katika moyo wa mtu mmoja, akipenda. Mrabaha hutoka katika hesabu, apende asipende.

Huenda unawaza kwamba wenzetu wa Ulaya, waliosoma, hawapatwi na haya. Wapatwa. Vijana wawili wa Liverpool, John Lennon na Paul McCartney wa kundi la Beatles, walipatana wakiwa wadogo kwamba kila wimbo utakaotungwa na mmoja wao utaandikwa majina ya wote wawili, na fungu la utunzi ligawanywe sawa. Wimbo uitwao Yesterday, wa mwaka 1965, McCartney aliutunga peke yake, lakini jina la Lennon limo. Ni mapatano mazuri kwa kuepuka ugomvi: hakuna kupima nani aliandika mistari mingi. Kosa lilikuwa mlango wa pili. Mwaka 1963 iliundwa kampuni ya kusimamia nyimbo zao, Northern Songs, na ndani yake vijana wale walikuwa na hisa 20 kwa mia kila mmoja. Karibu nusu nzima ilikuwa ya mchapishaji na mwenzake. Mwaka 1969 hao wakauza hisa zao kwa kampuni nyingine, na watunzi wakabaki wakizitazama nyimbo zao zikiwa mikononi mwa wageni. Walikuwa wamegawana vizuri wao kwa wao. Hawakusoma vizuri walichokitia sahihi kwa mtu wa tatu.

Wahaya mnalo jambo linalofanana na hili. Kibanja cha ukoo, kwa desturi, mtu hakiuzi kwa mgeni kimya kimya. Akifanya hivyo, ndugu huweza kusimama na kukikomboa. Wimbo wa watu watatu ni kama kibanja hicho. Mmoja asiuuze usiku wakati wenziwe wamelala.

Sasa sheria yetu inasema nini? Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ni Namba 7 ya mwaka 1999. Kwa sheria hiyo kazi yalindwa tangu inapotungwa. Ulinzi hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Na kazi ikiwa ya watunzi wengi pamoja, miaka hiyo 50 huanza kuhesabiwa anapokufa wa mwisho wao. Kwa hiyo wajukuu zako wanahusika, hata ambao hawajazaliwa. Kazi ya kusimamia haki hizi ilipewa COSOTA. Nyimbo za kale za jadi, zisizo na mtunzi anayejulikana, zina sehemu yake katika sheria hiyo hiyo: anayetaka kuzitumia kwa biashara nje ya desturi huomba ruhusa Baraza la Sanaa. Basi mtu asichukue wimbo wa enanga wa mababu akauandika kuwa ni wake. Alichoongeza yeye ndicho chake.

Na mambo haya yamekwisha kufika Kagera. Mwaka 2001 Saida Karoli, mwana wa Bukoba, aliimba Maria Salome kwa Kihaya, na watu wasiojua neno moja la Kihaya wakaucheza kutoka Mwanza hadi Kampala. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny wakajenga juu yake wimbo mpya, Salome. Wimbo mpya juu ya wimbo wa zamani ni nyumba juu ya msingi wa mtu. Lazima kuulizana: mwenye msingi anapata ngapi, na ni nani hasa mwenye msingi, aliyeimba, au aliyelipa studio? Maana katika sahani moja zimo mali mbili. Kuna wimbo wenyewe, yaani maneno na mahadhi. Mahadhi ni ile sauti unayoweza kuipiga mluzi bila maneno. Hiyo ni mali ya watunzi. Tena kuna ule ukanda au sahani iliyorekodiwa, nayo kwa kawaida ni mali ya aliyegharimia. Mwenye studio akikuambia, "Nimelipa kila kitu, wimbo ni wangu," mjibu kwa adabu: "Ukanda ni wako, bwana. Tuzungumze habari ya wimbo."

Tufanye hesabu kidogo. Mama mmoja ametunga maneno. Kijana ametia mahadhi. Mzee amepiga enanga. Wamepatana hivi: maneno 40 kwa mia, mahadhi 40 kwa mia, enanga 20 kwa mia. Mrabaha umekuja, shilingi 150,000. Mama atapata ngapi? Shilingi 60,000. Kijana naye 60,000. Mzee 30,000. Jumlisha, uone kama zatimia 150,000. Sasa fanya wewe, kwa shilingi 85,000. Ukikwama, gawanya kwanza kwa 100.

Wengine watauliza kwa nini mzee wa enanga apewe fungu, kama yeye alipiga tu. Hilo ndilo jambo gumu, na katika madarasa mnaweza kulijadili jioni nzima. Maoni yangu ni haya. Kama mzee alipiga alichoambiwa, yeye ni fundi, alipwe ujira wake mzuri siku ile ile, na haki yake kama mpigaji ibaki, ndiyo hiyo sheria inayoiita hakishiriki. Lakini kama ni yeye aliyebuni ule mwanzo ambao watu wakiusikia tu huinuka kucheza, huyo ni mtunzi, na anastahili fungu hata kama hakuandika neno. Wengine hupendelea sawa kwa sawa, theluthi theluthi, kama vijana wale wa Liverpool. Hiyo nayo ni njia njema, hasa kwa watu wanaokusudia kutunga pamoja miaka mingi. Njia mbaya ni moja, nayo ni ya kusema, "Sisi ni ndugu, tutaonana baadaye." Baadaye mmoja amekufa, mwingine amehamia Mwanza, na wa tatu ana rafiki wakili.

Kuna aibu inayotuzuia, waitu. Kutaja mafungu mbele ya rafiki kwaonekana kama kumshuku. Lakini ninyi mnapochanga fedha za msiba huandika daftari, na hakuna anayesema daftari ni matusi kwa marehemu. Afadhali kutaja mafungu wakati wimbo bado hauna hata senti. Ni rahisi kugawana kitu ambacho hakijaja.

Tena msitie dole gumba kwenye karatasi ya studio ambayo hamkuisoma. Zamani mtu alikuwa na udhuru. Ninyi mmekaa kwenye madawati haya miezi mingi, mwaweza kusoma. Someni neno kwa neno, na penye neno "daima", au "haki zote", simameni hapo muulize. Na kama karatasi ni ya Kiingereza, ombeni ya Kiswahili, au ichukueni nyumbani siku tatu apatikane wa kuisoma. Mwenye haraka ya sahihi yako mwambie kwamba kahawa haikaushwi kwa siku moja.

Kazi ya kuandika ya wiki hii ni kunakili karatasi ifuatayo kwa mwandiko safi. Wenye vikundi vya ngoma na kwaya waijaze kwa majina yao ya kweli. Wasio navyo wajaze na jirani zao kwa mazoezi.

"Leo tarehe ........ mwezi ........ mwaka ........, hapa Izigo, Wilaya ya Muleba, sisi tuliotia sahihi hapa chini tumetunga wimbo uitwao ................ Maneno yametungwa na ................ Mahadhi yametungwa na ................ Ngoma na vyombo vimebuniwa na ................ Tumepatana kwamba mrabaha wote wa wimbo huu utagawanywa hivi: ................ apate ........ kwa mia; ................ apate ........ kwa mia; ................ apate ........ kwa mia. Jumla ni 100 kwa mia. Hakuna mmoja wetu atakayeuza wimbo huu, wala kumpa mtu mwingine autumie kwa faida, bila sahihi za wote. Mmoja wetu akifariki, fungu lake ni la warithi wake. Sahihi: ................ ................ ................ Shahidi: ................"

Hesabu majina yaliyomo katika karatasi, kisha uinakili mara hizo hizo, kila mmoja aondoke na yake. Shahidi asiwe jamaa wa mmoja wao. Mwalimu atakusanya madaftari siku ya Ijumaa.